Riale, jambia na kasha: kusaka vitu vya kale Maskati

Mswahili anapoingia soko la Mutrah, Maskati, kwa mara ya kwanza, vitu vinamwita kwa majina anayoyajua. Chombo cha kahawa chenye mdomo kama wa kasuku, dalla kwa Waomani, ni dele. Cha kunyunyizia marashi ni mrashi. Kijisanduku cha fedha cha kutia maandishi ya dua na kuvaliwa shingoni huitwa hirz, na hakuna haja ya kumfasiria mtu wa pwani. Kisha muuzaji akisikia lafudhi yako anageuza ndimi: "Ahlan, karibu ndugu yangu. Watokea wapi, Unguja au Mombasa? Njoo nikuonyeshe kasha la bibi yangu." Maskati imejaa watu waliozaliwa Zanzibar au waliolelewa na wazee wa Zanzibar, kwa hiyo Kiswahili unachokisikia hapo ni cha kweli. Kasha ndilo lenye mashaka.

Hasara nyingi za wanunuzi wa kwetu Oman zinatokana na huko kuzoea. Kujua jina la kitu si kujua umri wake, na hadithi ya bibi haipimiki. Kinachopimika ni uzito, unene, alama za msumeno, namna kutu ilivyokaa. Ndiyo maana anayekwenda Mutrah au Nizwa kutafuta vitu vya kale abebe kwanza vifaa, pesa baadaye: mizani ya mfukoni inayosoma gramu 0.01 na kubeba hadi gramu 500, kikombe chepesi cha plastiki, chupa ya maji, uzi wa kushonea, sumaku ndogo yenye nguvu, kioo cha kukuzia mara 10, tochi na futi ya kupimia. Vyote vinaingia kwenye mkoba mmoja. Asidi ya kupimia fedha iache nyumbani, kwani ndege haziipokei na hakuna muuzaji atakayekuruhusu umtonee mali yake.

Anza na riale, maana ndiyo kipimo cha vingine vyote. Sarafu hii ya Maria Theresa wa Austria ilizunguka Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu kwa muda mrefu kuliko sarafu nyingine yoyote ya kigeni, na Oman iliendelea kutumika hadi karibu 1970. Masonara waliiyeyusha kutengeneza bangili na mitali. Wanawake waliitungia kidani ikiwa nzima. Leo utaikuta imerundikwa kwenye bakuli mbele ya duka, na muuzaji atakuonyesha mwaka 1780 ulioandikwa juu yake kama cheti cha kuzaliwa.

Mwaka huo hausemi chochote. Maria Theresa alifariki 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Mashariki walikataa sarafu yenye sura nyingine, Vienna iliendelea kuipiga kwa mwaka uleule. Mwaka 1935 Italia ilipata haki ya kuipiga kwa ajili ya Uhabeshi, na 1936 London ikaanza kupiga yake. Bombay, Birmingham, Paris na Brussels nazo zikafuata. Vienna inaipiga hadi leo. Kwa hiyo riale ya 1780 inaweza kuwa ya juzi, na bado ikawa halali kabisa, fedha ileile. Swali la kuuliza si "ya mwaka gani?" bali "ni fedha kweli?", kwa sababu ya bandia nayo imeandikwa 1780.

Riale ya kweli ina uzito wa gramu 28.07, kipenyo cha milimita 40 hivi, na usafi wa 833 kwa 1,000, yaani ndani yake mna gramu 23.39 za fedha tupu na zilizobaki ni shaba nyekundu. Iliyosuguliwa na shingo za watu miaka mingi inaweza kupungua gramu moja au karibu na hapo, na hilo si kosa. Tazama ukingo kabla ya uso: pawe na maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka, yakitenganishwa na mapambo madogo. Bandia nyingi zina ukingo mtupu, au wenye mistari kama ya sarafu za kawaida, au alama ya mshono wa kalibu kuzunguka. Chini ya kioo cha kukuzia, sarafu iliyopigwa muhuri ina uso laini na kingo kali kwenye herufi. Iliyomiminwa ina vishimo vidogovidogo kama ngozi ya chungwa, na nywele za malkia zimejaa kama uji uliomwagika.

Halafu maji. Kipimo hiki hakiharibu kitu, huchukua dakika mbili, na muuzaji mwaminifu hukifurahia. Jaza kikombe maji kiasi cha nusu, kiweke juu ya mizani, kisha rudisha namba kwenye sifuri. Funga riale kwa uzi, uishike kwa mkono, iteremshe hadi izame yote bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe. Mizani itapanda. Namba unayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa, yaani ujazo wa sarafu. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo. Riale ya gramu 28.07 husukuma maji ya gramu 2.75, na jibu la kugawanya ni 10.2. Ukipata kati ya 10.1 na 10.3, chukua. Ya shaba ya njano au ya mchanganyiko wa nikeli iliyopakwa fedha husukuma gramu 3.1 hadi 3.3, na jibu huangukia 8.5 hadi 8.9. Tofauti ni kubwa, huhitaji kubahatisha. Yenye risasi ndani hukosea upande wa pili: huvuka 10.5, namba ya fedha tupu, na hapo ujue kuna mchezo.

Kinachoharibu kipimo ni mapovu. Povu moja likishika chini ya sarafu linaongeza ujazo wa uongo, jibu linashuka, na riale nzuri inaonekana bandia. Ilowanishe kwanza kwa vidole, itikise ikiwa majini, kisha soma tena. Kosa la pili ni kupima sarafu iliyolehemewa kikonyo cha kidani: lehemu na kikonyo si fedha ileile, jibu litateleza kidogo, na kwa mkusanyaji thamani imeshapungua. Kosa la tatu ni upepo wa kiyoyozi unaopiga mizani. Hamia pembeni.

Sumaku nayo ina kazi, ila watu huielewa nusu. Kutovutwa na sumaku hakuthibitishi fedha, maana shaba, nikeli-shaba na risasi nazo hazivutwi. Kinachosaidia ni kuinamisha sarafu na kuiachia sumaku iteleze juu yake: juu ya fedha hushuka polepole kana kwamba kuna asali, juu ya risasi au nikeli-shaba huporomoka. Shaba nyekundu tupu nayo huipunguza mwendo, kwa hiyo maji ndiyo hakimu.

Bei inatoka hapohapo. Gramu 23.39 ni karibu robo tatu ya aunsi inayotumika kwa madini ya thamani (gramu 31.1). Fungua simu, soma bei ya aunsi ya fedha siku hiyo kwa dola, izidishe kwa 0.75, kisha gawanya kwa 2.6, kwa sababu rial ya Oman imefungwa kwenye dola na tangu 1986 moja ni dola 2.60. Tuchukulie aunsi iko dola 30: riale ina fedha ya dola 22.50, au rial 8 na baisa 650 hivi (rial moja ni baisa 1,000). Ukiombwa 10 au 11 hujaibiwa, duka linalipa kodi. Ukiombwa 25 kwa sababu ya "1780", weka chini taratibu.

Kwenye bakuli hizohizo chambua vizuri, maana wakati mwingine hujificha pesa za shaba za Sayyid Barghash zenye mwaka 1299 wa Hijria na mchoro wa mizani upande mmoja. Wauzaji wengi huzitupa bei ya kumbukumbu tu. Riale ya fedha ya Barghash ya 1299 ni habari nyingine. Ni adimu, na mtu anayekuletea tatu kwenye kiganja kimoja anakuletea bandia tatu.

Vito vya fedha vinapimwa kwa mantiki hiyo ila kwa tahadhari zaidi. Oman hapakuwa na utaratibu wa kugonga alama ya usafi kwenye kazi ya sonara wa kijijini, hivyo bangili "ya zamani" yenye 925 iliyogongwa kwa mashine ndani yake imejisema yenyewe kuwa ni mpya. Halafu desturi: fedha ya bibi harusi ilitakiwa iwe mpya, na ya marehemu mara nyingi iliuzwa ikayeyushwa. Ndiyo sababu kazi nyingi nzuri unayoiona ni ya karne ya 20, na anayekuambia miaka 300 anakuuzia miaka yenyewe. Baada ya 1970, pesa za mafuta zilipoingia, wanawake waliuza fedha wakanunua dhahabu, na hapo ndipo maduka ya Mutrah na Nizwa yalipojaa.

Kwa kuwa sonara aliyeyusha riale, usafi huwa wa kubadilikabadilika. Hesabu 80 kwa 100 na hutakosea sana. Bangili ya gramu 140 ina fedha tupu gramu 112, yaani aunsi 3.6, kwa mfano wetu wa dola 30 ni dola 108, au rial 41 na nusu. Juu ya hapo unalipia mkono wa fundi. Kwa kazi nzuri, mara mbili ya bei ya fedha ni halali kwa maoni yangu. Mara nne ni ya mtalii. Ila usiuchukue uzito kama ulivyo bila kuuliza kuna nini ndani. Mitali mingi ina vijiwe vya kulia ndani, shanga kubwa za fedha zimejazwa nta au utomvu, na hirizi inaweza kuwa na karatasi au kipande cha kitambaa. Kitu chenye uwazi ndani hakifai kipimo cha maji, kwa sababu hewa inakaa humo na jibu linakuwa upuuzi. Wengine hupima kwa tola. Tola moja ni gramu 11.66, usikubali igeuzwe 10 au 12 kulingana na nani anauza.

Kazi ya mkono inaonekana kwenye vipele. Wale masonara walipamba kwa chembe ndogo za fedha zilizolehemewa moja moja. Chini ya kioo cha kukuzia kila chembe ni duara kamili na kuna kivuli pale inapokutana na bamba. Iliyomiminwa kwenye kalibu, vipele vimeyeyukia ndani ya bamba kama chunusi. Weusi nao uutazame ulipokaa. Fedha iliyovaliwa hung'aa pale mwili unapogusa na kusuguka, ndani ya bangili na kwenye vilele, na hubaki nyeusi mashimoni. Iliyotiwa dawa ya kuzeesha ni nyeusi sawasawa hata pale ambapo mkono usingekosa kusugua. Mutrah pia kuna fedha ya Kihindi, ya Kiafghani na ya Kiturkmeni yenye mawe mekundu ya akiki, nzuri tu kwa haki yake, ila haikutoka Oman. Nizwa, mji ulio kilomita 160 hivi ndani ya bara, una masonara wanaofanya kazi mpaka leo. Kabla ya kununua cha zamani kaa nao saa moja utazame kipya kinavyotengenezwa. Jicho linajifunza haraka.

Sasa jambia, au khanjar kwa wenyewe. Utengenezaji na uvaaji wake uliingizwa kwenye orodha ya turathi ya UNESCO mwaka 2022, na bei zimesikia habari hiyo. Ala ya kawaida ina pete nne za kufungia mkanda. Ya Saidi, ya ukoo wa kifalme, ina saba. Pete saba kwenye kazi ya hovyo ni dalili ya mtu aliyetaka kuongeza bei kwa dakika kumi. Kuinunua kwa uzito hakuna maana, kwa kuwa ndani kuna bapa la chuma, mbao, ngozi na utomvu wa kushikizia. Inunuliwe kwa ulinganifu wake. Jambia nyingi za dukani zimeungwa: bapa la mmoja, mpini wa mwingine, ala ya wa tatu. Ichomoe taratibu. Bapa linalolingana na ala yake huingia bila kugonga na kukaa bila kucheza. Mdomo wa ala una mkwaruzo pale hasa ambapo bapa linapita. Tazama mahali mpini unapokutana na bapa: utomvu wa zamani ni mkavu, wa kahawia, umepasuka, gundi ya kisasa inang'aa na ina uwazi wa kioo. Kwenye ala, sehemu ya juu imefumwa kwa waya wa fedha. Tafuta palipochakaa zaidi uweke kioo cha kukuzia: waya wa fedha ukichakaa unabaki mweupe, waya wa shaba uliopakwa unaonyesha wekundu.

Kuhusu mpini, hapa hakuna mzaha. Uliothaminiwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru, na zipo jambia kongwe zenye mpini huo na nyingine zenye pembe za ndovu. Ukimulika tochi nyuma ya pembe ya kifaru unaona mwanga wa rangi ya asali na nyuzinyuzi zinazokwenda upande mmoja. Ukiona hivyo, irudishe. Biashara ya kimataifa ya pembe ya kifaru imefungwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu miaka ya 1970, na ya meno ya tembo tangu 1990. Ukitua nayo Dar es Salaam utakutana na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na Nairobi na ile ya 2013, na hakuna afisa atakayesikiliza kwamba ni ya babu. Mpini wa mti au wa msandali unatosha, na unaruka salama kwenye mzigo wa chini. Ukiiweka kwenye mkoba wa mkononi utaiachia pale kwenye mashine.

Madele ya shaba hayahitaji maneno mengi. Ya zamani yamegongwa kwa nyundo, unene haulingani, tako limeunganishwa kwa meno yanayoshikana kama vidole vya mikono miwili, na ndani yametiwa bati. Lililoundwa kwenye mashine ya kuzungusha lina mistari ya duara sambamba ndani, na mengi ya hayo yanatoka Moradabad, India. Kama unakusudia kunywea, bati la ndani lililochubuka mpaka shaba ikatokeza ni sharti litiwe upya kwanza.

Kasha ndilo linalovuta machozi na pochi kwa pamoja. Waomani huliita mandusi, na dukani jina ni "sanduku la Zanzibar", kwa sababu neno Zanzibar linaongeza bei. Ukweli ni kwamba mengi ya yale makongwe yalitengenezwa India, Surat na Bombay na pwani ya Malabar, mengine Ghuba ya Uajemi, yakaja kwa majahazi pamoja na mchele na nguo. Zanzibar ilikuwa bandari na mnunuzi mkubwa. Mafundi wa Mji Mkongwe wanayatengeneza hadi leo, kwa hiyo kasha la Mutrah "kutoka Zanzibar" linaweza kweli limetoka Zanzibar, mwaka jana.

Usianze na mbele, ambako njumu zinametameta. Anza chini. Omba lilazwe ubavu, na asiyekubali kulilaza ana sababu. Mbao za chini hazikupambwa wala kupakwa, hivyo ndizo zinazosema kweli. Msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka lakini isiyolingana. Msumeno wa mashine ya duara huacha matao yanayofanana. Plaiwudi ukiiona, salamu alaikum. Misumari ya chuma ya zamani ina kichwa cha kugongwa na shina la pembe nne, na mbao iliyoizunguka imegeuka nyeusi kwa kutu. Shimo lisilo na doa lina umri wa msumari wake mpya. Skrubu yenye kichwa cha msalaba haikuwapo kabla ya miaka ya 1930, ila kabla hujacheka kumbuka bawaba hubadilishwa: tafuta kando yake mashimo ya zamani yaliyozibwa. Hayo ni ushahidi mzuri zaidi kuliko bawaba yenyewe.

Ndipo uje mbele. Njumu zilizogongwa kwa jicho la fundi hazinyooki kama rula. Mstari unayumba kidogo, na nafasi kati ya msumari na msumari inatofautiana kwa nusu milimita au zaidi. Kuzunguka kila kichwa pana pete ya uchafu wa kijani na nta ya miaka. Mabamba ya shaba ya zamani yalikatwa kwa patasi, ukiyapitisha kidole ukingoni yana meno. Mapya yamebanwa kwa mashine na ua moja linajirudia bila kosa. Fungua kifuniko. Pembeni ndani huwa na kisanduku kidogo chenye mfuniko wake, na mara nyingi ubao wake mmoja huteleza na kufichua droo za siri. Uteleze. Kwenye kasha jipya unakwama au unateleza mno. Kwenye lililotumika, njia yake imelainika upande mmoja kuliko mwingine, kwa kuwa mwenye nalo alikuwa na mkono wake. Pima upana wa kifuniko mahali pawili kwa kufuata upana wa mbao: mbao nzima iliyokauka karne moja hupungua upana na si urefu, hivyo kukuta nyufa nyembamba zinazofuata nyuzi, au ubao wa kati usiojaza fremu yake, ni jambo la kutuliza moyo. Unga mweupe mpya chini ya vitundu maana yake wadudu bado wamo, nao watahamia kwenye kabati lako.

Jiulize pia ni mti gani, kwa sababu karatasi zinategemea. Msaji ni wa kahawia ya dhahabu na una mafuta kidogo. Hauna shida ya safari. Makasha meusi mazito ya sesemi, shisham ya India, ni ya jenasi ya Dalbergia, na tangu Januari 2017 jenasi hiyo yote imo kwenye orodha ya pili ya CITES. Vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena vimesamehewa, lakini kasha linapita kilo 10 kwa mbali. Unahitaji cheti cha kuonyesha ni la kabla ya mkataba, na kinaombwa Oman kabla mzigo haujaondoka. Ukiwa Mombasa umechelewa. Vitu vya turathi navyo vinahitaji ruhusa ya wizara inayohusika ya Oman ili vitoke. Muulize muuzaji kama yeye ataishughulikia, na usimlipe yote kabla hajakupa karatasi. Na ikiwa una mpango wa kinyume, kwamba utanunua mlango wa kuchongwa Bagamoyo au Kilwa uupeleke Maskati kuuza, jua kwamba sheria ya mambo ya kale ya Tanzania Bara ya 1964 inaulinda mlango wowote uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940, pamoja na fremu yake, na Kenya inahesabu vitu vya kabla ya 1895 kuwa vya kale. Bila leseni ni magendo.

Saa za kwenda zina maana. Maduka ya Mutrah hufungua asubuhi, hufunga kama saa 7 mchana, hufungua tena saa 10 au 11 jioni hadi saa 4 usiku. Ijumaa asubuhi mengi yamefungwa. Kuanzia Oktoba hadi Aprili meli za kitalii hufunga gati hatua chache kutoka sokoni, na siku ya meli bei inavaa suti. Angalia bandarini kwanza. Ukiona jengo linaloelea, rudi usiku zikiwa zimeondoka. Usipite njia kuu ya kanzu na ubani pekee, ingia vichochoro vya nyuma ambako paa linaziba jua na wazee wamekaa na mizani zao.

Majadiliano yenyewe yanataka adabu. Kwa mzee mwenye asili ya Unguja, "shikamoo mzee" inafungua mlango kuliko pesa mkononi, na kahawa ukikaribishwa usikatae. Kinachonywewa ni vikombe viwili vitatu, kisha unakitikisa kikombe kuonyesha umetosheka. Usitaje bei kwanza. Usimwambie kitu chake ni bandia hata kama mizani imeshasema. Mwambie, "Kizuri sheikh, ila sicho nilichokuja kutafuta," na mara nyingi atainama chini ya meza akatoa kingine. Punguzo la robo ni la kawaida, la nusu ni dalili kwamba bei ya mwanzo ilikuwa ya kukuchezea. Ukinunua vitano kwa mtu mmoja, omba vihesabiwe pamoja mwishoni. Risiti iandikwe jina la kitu, vilivyotumika kukitengeneza, umri unaodaiwa, uzito na bei. "Zawadi" haitoshi: forodha wanatenga vitu vilivyozidi miaka 100 chini ya namba 9706, na asiye na maandishi ya umri anapangwa na fanicha za kawaida.

Usafirishaji ndio unaokula faida. Kasha la sentimita 120 kwa 55 kwa 60 ni mita za ujazo 0.4, likiwekwa kwenye kreti linakuwa 130 kwa 65 kwa 70. Kwa ndege, gawanya zidisho la hizo kwa 6,000: utalipia kilo 98 na nusu hata kama mzigo una 50. Kwa meli ya makontena ya kuchangia, wakala wengi hutoza angalau mita moja ya ujazo, hivyo tafuta mwenzako mchangie, au jaza kasha madele na nguo, ukiyaorodhesha yote. Mbao za kreti ziwe na muhuri wa shuke la ngano na herufi HT, yaani zimepashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30. Kreti isiyo na muhuri inaweza kuzuiwa bandarini. Fedha ifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa. Ukiifunga kwa mpira, salfa yake itaiachia mstari mweusi ambao hautoki kwa kusugua, na wala usiisugue: anayenunua cha kale analipia na weusi wake.

Kasha likifika pwani kutoka Nizwa, ambako hewa ni kavu, au kutoka duka la kiyoyozi, mbao zitanywa unyevu na kuvimba. Droo zilizokuwa zikiteleza zitakwama ndani ya wiki chache. Usizipige randa. Zitoe, zikae nje ya kasha kwenye kivuli, na zijaribu tena kaskazi inapokolea. Zikiwa bado nzito, sugua nta ya mshumaa kwenye kingo za chini.